Ngeli za Kopo: Sarufi Fupi ya Chakula cha Paka

Wanasarufi wa Kiswahili wamegombana juu ya ngeli tangu zama za wanaisimu Bleek na Meinhof. Wapo wanaozihesabu kwa viambishi, wapo wanaozihesabu kwa upatanisho, na wapo wanafunzi wa kidato cha pili, niliowafundisha kwa miaka 30, wanaozihesabu kwa vidole na bado wanakosea. Katika ubishi wote huo hakuna aliyeigusa ngeli moja niliyokutana nayo baada ya kustaafu, nikiwa nimeinama mbele ya rafu ya supamaketi: ngeli ya kuku aliyemo ndani ya kopo la chakula cha paka.

Chanzo cha utafiti ni meno. Paka wangu Chausiku amezeeka, magego yamemtoka, na daktari wa mifugo alinishauri nimpunguzie vichwa vya samaki nijaribu chakula laini cha kopo. Mtaani kwetu Magomeni, mtu anayemnunulia paka chakula cha dukani hujadiliwa. Kwa hiyo nilikwenda duka la mbali, nikavaa miwani ya kusomea, nikaanza kuokota kopo moja moja. Mbele ya kila kopo alikuwapo kuku wa kupendeza, amechomwa akang'aa, pembeni kajani ka kotimiri. Nikiligeuza kopo, kuku anapungua.

Kijana wa duka akanisogelea. "Shikamoo, mzee. Nikusaidie?"

"Marahaba, mwanangu. Namtafuta kuku."

"Kuku wapo kule kwenye friji, wa kienyeji na wa kisasa."

"Namtaka wa humu." Nikampa kopo. Akalipokea, akaligeuza, akasoma kwa mwanga wa simu yake muda mrefu kuliko nilivyotarajia, akanirudishia.

"Yupo kidogo," akasema.

Katika sarufi niliyoisomesha, kitu ama kipo ama hakipo. Kuwapo kidogo hakumo kwenye silabasi. Makala haya ni jaribio la kulijengea jibu la kijana yule msingi wa kitaaluma.

Sampuli ni makopo matatu, paka mmoja na mizani ya jikoni. Makopo nimeyaita A, B na C, ili wenyewe wasinipeleke mahakamani. A limetoka Marekani, B Ulaya, na C Thailand, nchi iliyo miongoni mwa wauzaji wakubwa duniani wa makopo ya paka kwa sababu ina viwanda vikubwa vya jodari, na ile minofu myeusi ambayo walaji wa miguu miwili hawaitaki lazima iende mahali. Lugha zilizochapwa kwenye makopo yangu ni nyingi, pamoja na moja ambayo Bi Zuhura, jirani yangu, aliishuku kuwa ni hirizi. Kiswahili hakimo.

Nadharia yangu inaanzia kwenye kutokuwamo huko. Kiingereza kina desturi ya kumtanguliza kuku na kuliacha neno kuu mwisho, wakati jicho la mnunuzi limekwisha kushiba. Kiswahili hakina hila hiyo. Kwetu neno kuu hutangulia. Jina la kopo A likitafsiriwa linakuwa "Mlo wa Kuku", na papo hapo unaona kwamba kilichomo ni mlo. Kuku ametajwa kwa -a unganifu tu, kama tunavyosema shamba la babu: shamba lipo, babu alishafariki. (Utata wa pili, kwamba chakula cha kuku kwetu ni pumba wanazomwagiwa kuku alfajiri, nimemwachia mtafiti wa shahada ya uzamili.) Kutokana na hayo naitangaza kanuni: kadiri maneno yanavyozidi kati ya kopo na kuku, ndivyo kuku anavyopungua.

Kanuni hiyo niliidhani yangu hadi nilipogundua kwamba Marekani wameipa asilimia. Kuna chama cha maofisa wanaosimamia vyakula vya wanyama, AAFCO, kilichoanzishwa mwaka 1909. Chama chenyewe hakitungi sheria, ila kanuni zake za mfano hupokewa na majimbo na kufanywa sheria. Kwa kanuni hizo, ngeli ya kwanza ni ya jina tupu. Kopo likiitwa "Kuku" au "Jodari" kwa paka, bila nyongeza, nyama hiyo lazima iwe angalau 95% ya vilivyomo bila kuhesabu maji ya kutengenezea, na ukiyahesabu maji isishuke chini ya 70%. Hapa kuku bado ni wa A-WA. Unaweza kusema "kuku huyu" bila kuona haya.

Ngeli ya pili ni ya mlo, sahani, karamu na majina mengine ya mezani. Neno moja tu la namna hiyo likiingia, kiwango kinashuka hadi 25%, na ukihesabu maji, 10% inatosha. Nimehudhuria karamu nyingi za ndoa na za maulidi. Sijaona hata moja iliyotangazwa ili kumpunguza kuku.

Ngeli ya tatu ndiyo iliyonilaza macho, maana imebebwa na mzizi ninaoupenda, -enye. "Chakula chenye kuku" kinahitaji 3% tu huko Marekani. Wazungumzaji wa Kiswahili tusishangae sana. -Enye haijawahi kuahidi wingi. Mwenye nyumba haishi humo. Chumba chenye umeme kinaweza kuwa na balbu moja, nayo ya kushirikiana na jirani. Ulaya wamekuwa wakarimu kidogo: -enye yao huanzia 4%, "tele" huanzia 14%, na ule mlo rasmi 26%. Kopo B ni la -enye, gramu 85. Nyuma yake, chini ya maneno "nyama na mazao ya wanyama", kuna mabano, na ndani ya mabano kuku 4%. Nilifanya hesabu, nikapata gramu 3.4. Nilichukua nyama ya paja la kuku wa jana, nikapima gramu 3.4 kwenye mizani, nikaiweka kwenye kijiko cha chai. Kijiko hakikujaa. Chausiku aliila sampuli hiyo kabla sijaipiga picha, kwa hiyo msomaji atachukua neno langu.

Ngeli ya nne ni ya ladha. Kwa "ladha ya kuku" Marekani hawana kiwango. Inatosha ladha yenyewe iweze kutambulika, hata ikitoka kwenye mchuzi uliokolezwa wa viungo vya ndani. Hapa kuku ameacha kuwa nomino ya kawaida, amekuwa nomino dhahania, sawa na upendo, uzalendo na uwajibikaji.

Baada ya ngeli hufuata vivumishi: bora, bora zaidi, ya kifahari, ya mpishi mkuu. Vivumishi hivyo havina upatanisho na chochote. Sheria ya Marekani haimdai mwenye kopo la kifahari aweke kitu tofauti na alichoweka mwenye kopo la kawaida. Tuviruke.

Sasa tuligeuze kopo. Viambato hupangwa kwa uzito, kizito mbele, kama vilivyopimwa kabla ya kupikwa. Kutokana na hilo umezaliwa ufundi wa kumgawa ndugu. Ngano ingeandikwa mara moja ingekaa juu ya nyama; ikigawanywa kuwa unga wa ngano, wanga wa ngano na gluteni ya ngano, kila mmoja anajibanza chini ya nyama kwa adabu. Ni ndugu watatu walioingia harusini kwa milango mitatu na kadi moja. Uwaonapo, wakusanye.

Kwenye "mazao ya nyama" nitakaa kidogo, kwa sababu hapo ndipo wanunuzi wengi wa Ulaya na Marekani hushika pua. Fasili ya AAFCO inasema ni sehemu safi za mnyama aliyechinjwa, zisizo mnofu: mapafu, bandama, figo, ubongo, maini, damu, mifupa, na tumbo na utumbo vilivyosafishwa. Nywele, pembe, meno na kwato hazimo. Nilimsomea Bi Zuhura, ambaye huuza supu asubuhi pale kona. Alikuwa anaosha masufuria, akasikiliza hadi mwisho.

"Mwalimu, hiyo si supu yangu?"

Nikamwambia inakaribia sana.

"Na kwato wanatupa?" Aliuliza kwa masikitiko ya kweli, kama mtu aliyesikia habari za watoto wasiopelekwa shule.

Naungana naye. Kiungo cha ndani si aibu. Paka akikamata panya haanzi na sarara, na ini la kuku kwenye orodha ya viambato ni habari njema. Kasoro iko kwingine, nayo ni ya kisarufi: nomino isiyo na mwenyewe. "Ini la kuku" linamtaja mtu na kwao. "Mazao ya wanyama" yanakuacha unauliza wanyama gani, na jibu linaweza kuwa ng'ombe mwezi huu na nguruwe mwezi ujao, kulingana na bei ya machinjioni. Nikisoma orodha siku hizi sitafuti uzuri wa kiungo. Natafuta kama kimetajwa kwa jina la mnyama.

Neno "majivu" lilileta kizaazaa nyumbani. Lebo ya B inasema majivu ghafi 2%, na mjukuu wangu alitaka kujua kama yalitoka jikoni kwao. Hakuna aliyechota majivu. Maabara huchoma kipande cha chakula kwenye tanuri mpaka vyote vinavyoungua viishe, kisha hupima kilichobaki, yaani madini, ambayo kwa sehemu kubwa ni ya mifupa. Majivu mengi ni dalili ya mifupa mingi. Basi.

Protini ghafi ina hadithi ndefu zaidi. Mwaka 1883 mkemia Johan Kjeldahl, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg, Copenhagen, alibuni njia ya kupima nitrojeni iliyomo kwenye nafaka. Njia hiyo bado iko kazini, na tarakimu ya protini kwenye lebo nyingi ni nitrojeni iliyozidishwa kwa 6.25. Kipimo hicho hakimjui kuku. Hakitofautishi paja na ngozi, wala nyama na gluteni. Ni ukucha wa karani unaopita kwenye daftari la mahudhurio na kuweka alama kwa kila aliyeitika, hata kama aliyeitika ni rafiki yake. Wapo waliolijua hilo. Mwezi Machi 2007 kampuni ya Kanada, Menu Foods, iliondoa sokoni zaidi ya makopo na pakiti milioni 60 za chakula cha paka na mbwa, baada ya wanyama kuugua figo na kufa. Gluteni ya ngano iliyonunuliwa kutoka China ilikuwa imetiwa melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki, yenye nitrojeni nyingi kiasi cha kuifanya gluteni dhaifu ionekane shupavu. Melamini ikikutana na asidi ya sayanuriki hufanya fuwele ndani ya figo. Karani aliweka alama zote za mahudhurio. Darasani hapakuwa na mtu.

Usiilinganishe protini ya kopo na ya biskuti za paka kabla ya kuyatoa maji. Kopo langu A lina unyevu 78%, ambao ndio ukomo wa Marekani kwa kopo lisilojiita la mchuzi au rojo, na protini 10%. Mfuko wa biskuti uliokuwa rafu ya jirani una unyevu 10% na protini 32%. Mtu mwenye haraka atachukua mfuko. Sasa toa maji: kopo linabaki na sehemu 22 kavu, na 10 katika hizo ni protini, yaani zaidi ya 45%. Mfuko unabaki na sehemu 90, na 32 zake ni kama 36%. Kwa njia hiyohiyo utaupata wanga, ambao lebo nyingi hazitaji: chukua 100, toa unyevu, protini, mafuta, nyuzinyuzi na majivu. Kinachobaki ndicho walichokunyamazia. Kwenye mojawapo ya makopo yangu hesabu ilikuwa 100 toa 78, toa 10, toa 5, toa 1, toa 2, ikabaki 4, na 4 katika 22 ni zaidi ya 18%. Nimefundisha lugha maisha yangu yote nikiamini hesabu ni ya wenzetu wa chumba cha pili.

Maji yenyewe si wizi. Babu wa paka wote wa nyumbani ni kimburu, paka pori wa nchi kame, aliyezoea kupata maji yake ndani ya mawindo. Ndiyo maana paka hana kiu ya kutosha, na ndiyo maana kopo linamfaa hata mwenye meno yake yote.

Nililotaka hasa msomaji alitafute kwa miwani yake ni neno taurini. Jina linatokana na neno la Kilatini la fahali, maana mwaka 1827 wanasayansi wa Ujerumani, Tiedemann na Gmelin, waliipata kwenye nyongo ya ng'ombe. Wanyama wengi hujitengenezea ya kutosha. Paka hawezi, sharti aile, na iko kwenye moyo, kwenye mnofu mweusi wa kuku, kwenye chaza. Mwaka 1975 watafiti walionyesha kwamba paka akiikosa huharibika macho. Mwaka 1987 Paul Pion na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kwamba huharibika na moyo pia, na kwamba paka waliokuwa wanakufa walikuwa wanakula vyakula vya dukani vyenye lebo safi kabisa. Walipoongezewa taurini, mioyo ilipata nafuu. Tangu hapo viwanda huiongeza, na makopo hudaiwa mara mbili ya biskuti: 0.2% ya kikavu badala ya 0.1%. Ni herufi saba, mara nyingi mwisho wa orodha, katikati ya vitamini zinazofanana na majina ya madawa. Kwenye ngeli zangu sikuwa na mahali pa kuiweka.

Nilipofungua kopo B, chakula kilitoka pwa! kikasimama kwenye kisosi na mikunjo ya kopo ikiwa imechapika ubavuni. Kinachokishikilia hivyo ni karajinani, na karajinani ni mwani. Tangu mwaka 1989 wanawake wa Paje na Jambiani wameufunga mwani kwenye kamba, maji yakitoka, wakauanika juani na kuuza kilo kwa kilo kwa wanunuzi wanaousafirisha ng'ambo. Unarudi katika dawa ya meno, aiskrimu na jeli ya paka. Siwezi kuapa kwamba mwani wa B umetoka Unguja. Indonesia na Ufilipino huzalisha mwingi kuliko sisi. Lakini kama kuna Mswahili ndani ya kopo lile, ni yeye.

Sasa niungame. Kanuni yangu imeanguka. Kopo C ni la ngeli ya kwanza: jina tupu, jodari, maji, basi, minofu myekundu inayochambulika kama ya kutiwa kwenye sambusa. Nilikwisha kuandika sifa zake nilipokutana na mstari mmoja wa herufi ndogo kuliko zote, unaosema ni chakula cha nyongeza. Hakina taurini iliyoongezwa, hakina vitamini, hakiwezi kumlea paka peke yake. Kopo B, lenye sarufi mbovu kuliko zote, lenye kuku wa kijiko kisichojaa, lenye sukari ambayo paka hata haionji (mwaka 2005 ilithibitishwa kwamba jeni yake ya kuonja utamu ni mbovu), limeandikwa "kamili". Kamili ni neno la kisheria: maana yake virutubisho vyote vinavyohitajika vimefikia kiwango, iwe nyama ilitajwa kwa jina au kwa mabano. Miaka 30 ya ngeli imeshindwa na kivumishi kimoja.

Jaribio la mwisho lilifanyika uani: visosi vitatu, Chausiku katikati, Bi Zuhura shahidi. Alinusa A, akapita. Alinusa C, akala minofu miwili. Kisha akalamba rojo lote la B, akaacha vipande, akaruka ukuta kwenda kwa Bi Zuhura, ambako vichwa vya changu vilikuwa vinasubiri chini ya karai.

Kwa sasa Chausiku anakula A, "Mlo wa Kuku", kwa kuwa viambato vyake vinaanza na kuku na ini la kuku, taurini imo, na tamko linasema kamili. C hulipata siku za Idi. B lililobaki alipewa paka shume wa gengeni, naye hakuacha kitu. Msomaji aliyewahi kuona kopo la ngeli ya kwanza, lenye taurini na lililoandikwa "kamili" nyuma, namwomba aniambie ni duka gani, na kama kuna kiti cha kukalia wakati wa kusoma.